Kuipeleka familia Mwaka Kogwa, Makunduchi

Wengi wakisikia Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Zanzibar, hufikiria mapigano tu, wakawaacha watoto nyumbani. Wanakosa mengi. Kupigana kwenyewe hakuchukui muda. Sehemu kubwa ya siku ni ya kina mama na watoto.

1. Tarehe. Sherehe huangukia Julai, kwa hesabu ya mwaka wa Nairuzi wenye asili ya Uajemi. Muulize mtu wa Makunduchi, usitegemee tangazo la mwaka jana. Ni kusini kabisa mwa Unguja, kwa hiyo ukitoka Mjini ondoka asubuhi.

2. Nguo. Wanawake na wasichana hutoka wamependeza hasa. Anayetaka kupigana avae kuukuu: utomvu wa mgomba ukishakauka kwenye nguo, sabuni haina lake.

3. Mapigano. Wanaume wa upande wa kusini na wa kaskazini wa kijiji hupambana kwa magogo ya migomba. Mgomba mbichi umejaa maji. Ukitua mgongoni hupasuka, na vipande vikaruka mpaka kwa watazamaji. Simameni nyuma ya watu wazima. Mwambie mtoto mapema kwamba hapo watu wanatoa vinyongo vya mwaka unaokwisha, asije akalia akidhani baba wa watu anauawa.

4. Kibanda. Hiki ndicho cha kuchungwa. Kibanda cha makuti huwashwa moto, na aliyekuwa ndani hutoka mbio. Makuti makavu hushika mara moja, na umati husogea kwa kishindo. Tazameni kwanza upepo unaelekea wapi, msimame upande unakotoka, mtoto mdogo awe begani. Wazee hutazama moshi unaelekea wapi, kwani husemwa unabashiri mwaka ujao. Mpe mtoto kazi hiyo hiyo, atatulia.

5. Nyimbo. Wanawake huzunguka wakiimba, na kwangu hapa ndipo sherehe ilipo. Sogeeni karibu, mjifunze kiitikio. Baadhi ya mafumbo ni ya mapenzi. Mtoto akiuliza maana, hilo ni lako.

Kisha kula, na baadaye ngoma na taarabu.

MASWALI

Hatuna ndugu Makunduchi. Tutafikia kwa nani?
Msiwe na wasiwasi. Kwa mila ya pale, nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huona imepungukiwa. Mkikaribishwa kula, kaeni. Kukataa ndiko kutakakowaudhi.

Kijana wangu ana miaka kumi, anang'ang'ania kupigana.
Asiingie kati ya watu wazima. Mkifika nyumbani mpe kipande cha mgomba apambane na binamu zake uani.

Mwanangu ana pumu, dada. Nimlete?
Mlete kwa ajili ya nyimbo, na dawa yake ya kuvuta iwe mkobani mwako. Kibanda kikikaribia kuwashwa, ondokeni naye mapema, maana watu wakishasongamana hamtapata njia.

Naruhusiwa kupiga picha?
Uwanjani wengi hupiga. Mama wa watu anayeimba, muombe kwanza.