Kurasa zilizokatwa: namna ya kukagua na kuhifadhi majarida ya zamani ya wanaume

Sanduku la marehemu likifunguliwa katika nyumba ya Mji Mkongwe, chini ya kanzu na hati za shamba huenda zikatoka nakala kumi au ishirini za majarida ya wanaume, yale ya Kimarekani na Kiingereza. Wengi huyachoma siku hiyohiyo kwa kuona haya. Wengine huyapiga picha na kuzirusha WhatsApp. Kote ni kukosea. Ukichoma, umepoteza ushahidi wa mambo yaliyopiganiwa mahakamani miaka mia moja. Ukirusha, unaingia matatani: Sheria ya Adhabu ya Zanzibar inakataza kuuza, kusambaza na kuonesha hadharani machapisho machafu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa pia picha zinazotumwa kwa simu. Fanya kazi chumbani, mlango umefungwa, watu wazima peke yao. Na kabla hujatupa hata ukurasa mmoja, waulize watu wa Nyaraka za Zanzibar, hifadhi ya kumbukumbu iliyopo Kilimani.

Anza na unyevu. Karatasi ya kung'aa imepakwa udongo mweupe laini, na ikirowa kisha ikakauka, kurasa hushikana kama zimetiwa gundi. Zikishafika hapo, ukizivuta picha inabanduka na herufi zake. Jarida likiwa bado bichi una saa chache tu: pitisha karatasi nyeupe kavu kila baada ya kurasa chache na uzibadilishe zikilowa, au lifunge kwa plastiki uliweke kwenye friza mpaka upate nafasi. Lenye ukungu mkavu litoe upenuni kivulini, vaa barakoa, fagia kwa brashi laini kuelekea nje. Usifute kwa kitambaa cha maji wala kuanika juani. Ukiona mavi ya mende au matundu ya wadudu, lifunge mifuko miwili ya plastiki, friza nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja. Ukilitoa, usiufungue mfuko mpaka siku ya pili; ukifungua likiwa baridi, hewa yetu hii italitia maji papo hapo.

Sasa hesabu majani; jani moja ni kurasa mbili, mbele na nyuma. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa kuwa wanahesabu picha. Jarida lililofungwa kwa pini katikati limetengenezwa kwa karatasi zilizokunjwa, na kila karatasi inatoa kurasa 4. Kwa hiyo kila jani lina mwenzake upande wa pili wa pini. Jarida likiwa na kurasa 48, namba za kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi moja zikijumlishwa zinaleta 49: 1 na 48, 17 na 32, 18 na 31. Ukikosa jani la 17 na 18, nenda katazame jani la 31 na 32. Likiwa limekaza vizuri, na upande wa pili umebaki ukanda mwembamba wenye ukingo ulionyooka, jani lilikatwa kwa wembe au mkasi. Ukanda ukiwa na manyoya, lilichanwa kwa mkono. Majani yote mawili yakiwa hayapo na pini zimeliwa na kutu, yamkini yalidondoka yenyewe, hakuna wa kulaumiwa. Angalia kwanza kama jalada limehesabiwa kuwa ukurasa wa 1; usipoangalia, hesabu yote inakwenda kombo.

Nani alikata? Tangu kesi ya Hicklin ya 1868, iliyohusu machapisho machafu, kipimo cha mahakama za Kiingereza kilikuwa ni kama maandishi yana mwelekeo wa kupotosha na kuharibu wale ambao akili zao ni nyepesi kushawishika, na ukurasa mmoja uliweza kuhukumu kitabu kizima. Ni mwaka 1959 tu ndipo sheria ya Uingereza ilipotaka chapisho litazamwe kwa ujumla wake. Kwa hiyo si forodha peke yake iliyokuwa na sababu ya kushika mkasi. Muuza duka naye alikuwa nayo, ili aokoe nakala iliyobaki. Na baba mwenye nyumba vilevile. Nakala moja haitoshi kumtaja mtu. Ukurasa uleule ukikosekana katika nakala tatu nne za toleo moja kutoka nyumba mbalimbali, hapo una la kusema.

Wino mweusi juu ya picha uangalie kwa lenzi ya kukuza mara 10. Weusi wa picha uliochapwa kiwandani mara nyingi ni vitone vilivyopangwa safu. Wino uliopakwa baadaye hauna vitone, unameta ukiinamisha ukurasa mbele ya taa, na mara nyingi umepenya nyuma. Usijaribu kuusafisha. Huo wino ndio historia yenyewe.

Tarehe ina mitego. Majarida ya Marekani huandika kwamba yamesajiliwa posta, kwa nauli nafuu, chini ya sheria ya Machi 3, 1879. Huo ni mwaka wa sheria, si wa toleo. Mstari huo mdogo una uzito wake: mwaka 1943 mkuu wa posta alitaka kuinyang'anya Esquire, jarida la wanaume la Marekani, nauli hiyo nafuu, hasara ya dola 500,000 kwa mwaka, na Mahakama Kuu ya Marekani ikamkatalia mwaka 1946. Toleo la kwanza la Playboy, la Desemba 1953, halina tarehe kabisa, kwani mwanzilishi wake, Hugh Hefner, hakuwa na hakika kama litafuata la pili. Playboy yenye pini ni ya kabla ya Oktoba 1985. Bei iliyoandikwa na muuzaji wa hapa husaidia: rupia ni kabla ya 1936, wakati Zanzibar ilipoingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki.

Andika yote kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, kamwe si juu ya jarida: jina, toleo, kurasa zilizopo, zisizopo, namna zilivyotoka. Ukishaandika, pini zenye kutu zifungue miguu kwa kisu butu, zisukume nje, ushone kwa uzi mweupe wa pamba kupitia matundu yaleyale. Selotepu usiiguse; baada ya miaka inakuwa ya manjano na gundi inahamia kwenye picha.

Kila jarida lifunge kwa bafta nyeupe iliyofuliwa mpaka wanga umetoka, lilaze bapa, yasizidi kumi kwa rundo. Rafu iwe sentimita 15 juu ya sakafu na isiguse ukuta, kwa sababu kuta za mawe na chokaa hunyonya maji ya masika na kuyatoa polepole mpaka kusi. Weka kipimo cha unyevu ndani ya kabati. Kikipita asilimia 65, fungua milango na uwashe feni.