Pande tatu za pembetatu: kwa nini vijiti vingine vinagoma kufunga

Leo tuache ubao. Tafuta njiti za ufagio wa chelewa, rula na wembe.

Hatua ya 1. Kata njiti za sm 3, sm 4 na sm 9, uziunganishe ncha kwa ncha. Hazifungi. Ilaze ile ndefu, inamisha hizo fupi kutoka kila ncha: hata zikilala kabisa, katikati linabaki pengo la sm 2.

Hatua ya 2. Ipunguze ndefu ibaki sm 7. Sasa fupi zinagusana, ila zimelala juu ya mwenzao. Huo ni mstari.

Hatua ya 3. Ipunguze tena, sm 5. Imefunga! Kanuni ndiyo hiyo: jumla ya pande mbili fupi lazima iuzidi upande mrefu. Iuzidi, si kulingana nao. Hapo maksi nyingi hupotea.

Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, aliithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Proclus, aliyeandika maelezo ya kitabu cha Euclid, anasimulia kwamba wafuasi wa mwanafalsafa Epicurus waliicheka: hata punda anaijua, maana akiona majani huyaendea moja kwa moja, hazunguki. Sawa, lakini punda hatakwambia kwamba ukiwa na pande za sm 5 na sm 8, wa tatu lazima uzidi sm 3 na usifike sm 13.

Hatua ya 4. Angalia pembe. Upande mrefu kuliko yote hutazamana na pembe kubwa kuliko zote. Pande zote zikilingana, kila pembe ni nyuzi 60, kwa sababu jumla ya pembe ni 180 daima.

MASWALI

Mwalimu, pembetatu pacha (yenye pande mbili sawa) ina pande za sm 4 na sm 9. Wa tatu ni 4 au 9? Mwanangu anasema yoyote.

Ni 9 tu. 4 + 4 ni 8, hazifungi. Mzingo wake ni sm 22.

Mkuu, mimi najenga. Kona ya msingi nitaijuaje kama ipo skwea, yaani nyuzi 90?

Kutoka kwenye kona pima mita 3 kwenye kamba moja, mita 4 kwenye nyingine, weka alama. Pima kati ya alama hizo. Ikisoma mita 5, ipo skwea, kwa kuwa 3 × 3 + 4 × 4 = 5 × 5, yaani 9 + 16 = 25. Ikizidi, kona imefunguka, ikipungua, imebana. Kwa jengo kubwa tumia 6, 8 na 10, kosa dogo la kupima halitakuathiri sana.

Kwa nini kenchi za paa zimejaa pembetatu?

Pigilia mbao nne, msumari mmoja kila kona, kisha sukuma: zinalala upande. Jaribu na tatu. Haziendi popote, kwa sababu urefu wa pande ukishapangwa, pembe hazina pa kuhamia. Ndiyo maana mlango wa mbao unaolegea hupigwa ubao wa mshazari.

Na njiti za 2, 2 na 4?

Rudi hatua ya 2, ndugu yangu.