Kununua Monita kwa Ajili ya Nyumbani: Mwongozo kwa Wazanzibari Walio Ng'ambo

Simu ya kwamba "kompyuta imekufa" huwafikia wengi wetu tunaoishi ng'ambo, na mara nyingi kilichokufa si kompyuta bali ni monita peke yake. Kwa dada yangu, ambaye ana kiduka cha kupiga chapa na kutoa kopi Chake Chake, kukosa monita maana yake ni wanafunzi wanaorudi majumbani na barua zao za maombi bila ya kuchapwa. Mara ya kwanza lilipotokea hilo, nilinunua monita kubwa ya inchi 27, nikaipakia katika kontena pamoja na mizigo ya wenzangu iliyokuwa ikienda Unguja, na ilipofika Pemba ikabainika kwamba kompyuta yake haina tundu la HDMI (tundu la waya wa picha la aina mpya), wala monita ile haina tundu jengine. Ilikaa wiki kadhaa ndani ya boksi ikisubiri waya ambao ningeliununua siku ileile, lau ningeliuliza swali moja kabla ya kulipa. Tangu hapo sinunui kitu cha kompyuta cha kupeleka nyumbani bila ya kuuliza kwanza kitakachokutana nacho huko: mashine gani, umeme wa aina gani, na fundi gani aliye karibu.

Hakikisha kwanza kilichoharibika

Kabla ya kutuma fedha, mwombe aliye nyumbani afanye majaribio machache, ukiwa naye kwenye simu ya video. Aanze na waya, kwa sababu waya uliolegea au uliokatika ndani hutoa dalili zilezile za monita iliyokufa. Kisha aizime taa ya chumba, awashe kompyuta, na aumulike uso wa monita kwa upande kwa tochi ya simu. Akiona picha hafifu sana, basi taa za nyuma ya kioo ndizo zilizokufa, na paneli yenyewe, yaani kioo kinachochora picha, ingali nzima. Ikiwa monita inawaka na kuzima yenyewe, au inachukua muda mrefu kabla ya kuonesha picha, huenda tatizo ni kapasita (vipande vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme) zilizovimba katika bodi yake ya umeme, na hilo fundi wa redio na televisheni anaweza kulitengeneza kwa gharama ndogo kuliko ya monita mpya. Kama nyumbani kuna televisheni yenye tundu linaloingiliana na kompyuta, waunganishe humo: picha ikitokea, mwenye makosa ni monita, isipotokea, tafuteni fundi wa kompyuta, kwa sababu hata kipande cha memori kilichokaa vibaya hutosha kuifanya mashine isitoe picha kabisa.

Wapo pia wenye kompyuta mpakato zilizovunjika vioo. Hawa mara nyingi hawana haja ya kununua kompyuta nyengine, kwa kuwa monita ya nje iliyounganishwa kwa waya huigeuza mashine hiyo kuwa kompyuta ya mezani na kuiongezea maisha.

Picha ya mgongo wa kompyuta

Sasa hilo swali moja. Mwombe ndugu yako aigeuze kompyuta, aipige picha mgongo wake mahali penye mwanga, na akutumie. Unatafuta matundu manne. VGA ni tundu lenye vishimo 15 katika safu tatu, mara nyingi la rangi ya buluu, lenye nafasi za skrubu pembeni. DVI ni refu zaidi, na aghalabu ni jeupe. HDMI ni bapa na limebinywa pembe mbili za chini. DisplayPort linashabihiana na HDMI lakini limekatwa pembe moja tu, na hapa ndipo watu wanapokosea.

Nalisisitiza hili kwa sababu kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwetu zimekwishatumika katika maofisi ya Ulaya na kwengineko, kama vile Dell OptiPlex 7010 au HP Compaq 8200, na mashine za aina hiyo zina VGA na DisplayPort bila ya HDMI. Monita mpya za bei nafuu, kwa upande wake, aghalabu huja na HDMI, na baadhi zikiwa na VGA. Njia iliyo rahisi ni kuchagua monita yenye VGA pamoja na HDMI, ili leo ifanye kazi kwa mashine ya zamani na kesho kwa mashine mpya. Ukitaka picha kali zaidi, nunua waya wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI, ambao si ghali. Angalia tu mwelekeo wake: waya huo hupeleka picha kutoka kwenye kompyuta yenye DisplayPort hadi kwenye monita yenye HDMI, na ukiugeuza hautafanya kazi. Vilevile, kutoka HDMI ya kompyuta kwenda VGA ya monita hakutoshi waya mtupu. Panahitajika kigeuzi chenye saketi ndani yake. Kwa kompyuta mpakato zenye tundu dogo la USB-C, hakikisha kwamba tundu hilo linatoa picha, kwani mengine ni ya kuchajia na kuhamishia mafaili tu.

Ukubwa, na swali la mpya au iliyotumika

Kwa kazi za barua, hesabu na masomo ya skuli, monita ya inchi 22 au 24 yenye pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080 inatosha kabisa. Inchi 24 ni kiasi cha sentimita 61 kutoka pembe hadi pembe. Ya inchi 27 yenye pikseli hizohizo haioneshi kitu zaidi, bali hukuza vilevile vilivyokuwepo, na maandishi huanza kuonekana yamechakaa kwa mtu anayekaa karibu. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua paneli ya aina ya IPS, ambayo rangi zake hazibadiliki unapoitazama kwa pembeni. Katika duka ambalo mteja husimama ubavuni mwa mpiga chapa kuhakiki jina lake, faida hiyo ni kubwa. Kasi kubwa za picha zinazotangazwa kwa ajili ya michezo hazina kazi hapa, kwani hezi 60 zinatosha.

Televisheni ndogo isikuvutie kwa sababu tu bei zake zinakaribiana. Televisheni nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768 tu, na anayesoma safu za tarakimu mchana kutwa atachoka macho.

Ikiwa lengo ni kuzungumza nanyi kwa video, jueni kwamba monita nyingi za bei ya chini hazina spika wala kamera. Mpelekee mama kamera ndogo ya USB yenye maikrofoni pamoja na spika za kawaida, la sivyo atapata picha yako bila ya sauti, nawe hutamwona.

Uingereza monita mpya ya inchi 24 mara nyingi hupatikana kwa chini ya paundi 100, na zilizotumika maofisini huuzwa kwa bei ya chini zaidi. Sioni ubaya wa monita ya mtumba, ila usiinunue kabla haijawashwa mbele yako kwa robo saa. Fungua ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, kisha mwekundu, utafute vidoa, mistari na pembe zilizofifia. Hakikisha pia kwamba mguu wake upo na skrubu zake zipo. Monita bapa za zamani zenye kutumia mirija ya taa nyuma ya kioo badala ya taa za LED ziache, hata ukipewa bure: hula umeme zaidi, na mirija yake ina zebaki. Monita ya LED ya inchi 24 hutumia kiasi cha wati 20. Ikiwaka saa nane kwa siku, kwa mwezi ni kiasi cha uniti tano katika Tukuza, yaani umeme wetu wa kulipia kabla.

Kupeleka au kununua hukohuko

Rai yangu ni kwamba, isipokuwa kama unakwenda mwenyewe au una mtu mwaminifu anayekwenda, ni bora kutuma fedha na kununua Unguja au Dar es Salaam. Dhamana ya miaka mitatu iliyotolewa na duka la London haimsaidii mtu wa Wete, kwa sababu gharama ya kuirudisha hupita thamani ya monita yenyewe. Ukinunua Mlandege au Darajani, ndugu yako ataiona ikiwaka kabla ya kulipa, na ikiharibika wiki ya pili anajua mlango wa kuurudia. Adai risiti yenye jina la duka na muda wa dhamana ulioandikwa. Bei ya Kariakoo ya Dar es Salaam huweza kuwa nzuri zaidi, lakini jumlisha nauli ya boti, gharama za bandarini, na safari ya pili ya meli ikiwa mzigo unakwenda Pemba.

Ukiamua kuibeba, ibebe katika boksi lake la asili, likiwa limesimama wima kama lilivyotoka dukani na si kulazwa, kwa sababu kioo kilicholazwa huelemewa na chochote kitakachowekwa juu yake. Weka risiti mkononi kwa ajili ya forodha, na uliza mapema kwa wakala anayezijua taratibu za sasa, hasa kama unapeleka zaidi ya moja.

Kuhusu plagi, waliopo Uingereza, Oman na Falme za Kiarabu wana bahati, kwa kuwa plagi zao ni zilezile za pini tatu bapa tunazotumia Zanzibar. Anayetoka Kanada, Marekani au nchi za Ulaya bara asibabaike na adapta: waya wa umeme wa monita nyingi huchomoka, na wa kwetu hupatikana katika duka lolote la vifaa vya kompyuta. Soma tu kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 100-240V na 50/60Hz, monita hiyo itafanya kazi kwa umeme wetu wa volti 230. Kikiandikwa 120V peke yake, iache.

Umeme wa visiwani

Hapa ndipo ninapowaomba ndugu zangu msibane matumizi. Unguja hupata umeme kutoka Tanzania Bara kwa kebo zilizopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ya kwanza ya mwaka 1980 na ya pili ya megawati 100 ya mwaka 2013. Pemba ilikuwa ikitegemea majenereta ya dizeli mpaka kebo ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 2010. Waliokuwepo Unguja mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009, wanakumbuka giza la majuma na la miezi. Hali ya leo si ile, lakini nyumba iliyo mwisho wa laini bado huona taa zikififia jioni, na umeme uliokatika hurudi kwa kishindo. Kinachoua monita aghalabu si kukatika kwa umeme. Ni kule kurudi kwake.

Kwa hiyo monita isichomekwe moja kwa moja ukutani. Kwa uchache nunua kifaa cha kinga kama kile cha televisheni, ambacho hukata volti zikipanda au zikishuka mno na husubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu umeme kurudi. Kwa mtu anayefanyia kazi kompyuta, UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri ya akiba, ni bora zaidi, maana humpa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Printa ya leza isichomekwe kwenye betri ya UPS hiyo, kwani huivuta kupita uwezo wake. Wakati wa radi za masika plagi zote zichomolewe, na katika nyumba kongwe fundi wa umeme aangalie kwanza kama soketi ina waya wa ardhini.

Kuifunga na kuirekebisha

Tandika kanga iliyokunjwa juu ya kitanda, ilaze monita kifudifudi, kisha funga mguu. Ishikwe kwa fremu, asiguse mtu kioo kwa vidole. Kama kompyuta ina kadi ya picha ya kuongezwa, waya uingie kwenye kadi hiyo, si kwenye tundu la ubao mkuu. Ikiwaka na kusema hakuna mawimbi, bonyeza kitufe cha monita na uchague tundu lililotumika. Kwa VGA, kitufe cha kujirekebisha yenyewe huiweka sawa picha iliyosogea upande.

Katika Windows, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, ingia kwenye mipangilio ya skrini, na uweke 1920 kwa 1080. Ukiacha kipimo chengine herufi zitakuwa na ukungu hata kama monita ni mpya. Kwa mzee anayelalamika kwamba maandishi ni madogo, usipunguze pikseli, bali ongeza ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125. Punguza na mwangaza, maana nyingi hutoka kiwandani zikiwa kali mno kwa chumba cha usiku. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, na mtu akae umbali wa mkono ulionyooshwa.

Monita isiwekwe chini ya dirisha linaloelekea baharini. Upepo wa kusi huingiza chumvi na unyevu kwenye matundu, na pini zikishashika kutu picha huanza kupoteza rangi moja baada ya nyengine. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, umeme ukiwa umezimwa, bila ya dawa ya vioo wala spiriti.

Ile ya zamani apewe fundi, ambaye atapata humo waya, spika, au bodi ya kumtengenezea mtu mwengine. Isichomwe jaani pamoja na taka za nyumbani.