Jinsi ya kumpendekeza mwanasayansi wa Dunia apewe tuzo

Kizuri chajiuza, tunaambiwa. Katika sayansi za Dunia sijaona kizuri kikijiuza haraka. Inge Lehmann, mtaalamu wa matetemeko wa Denmark, alikaa na michoro ya mitetemo ya tetemeko lililopiga New Zealand mwaka 1929, akaona mawimbi hafifu yamefika mahali ambapo hayakutarajiwa, na mwaka 1936 akaandika kwamba ndani ya kiini cha Dunia kuna kiini kingine. Nishani ya William Bowie, ya wanajiofizikia wa Marekani, aliipata mwaka 1971. Alikuwa amepita miaka 80.

Tuzo haziji zenyewe. Lazima mtu mmoja akae chini, aandike barua, akusanye barua za wenzake na kuziwasilisha kabla ya siku ya mwisho. Mimi nimeandika barua hizo mara saba, na kwa miaka minne nilikaa kwenye kamati inayozisoma. Ninayoyasema hapa nimeyajua kutoka pande zote mbili za meza.

Anza na mtu, usianze na tuzo. Na unapomtafuta mtu huyo, usikimbilie jina linalotajwa kwenye kila mkutano. Huyo anao wengi wa kumwandikia. Jiulize: vipimo ambavyo sote tunavitumia alivikusanya nani? Ramani iliyo ukutani aliichora nani? Marie Tharp alichora sakafu ya bahari ya Atlantiki kwa mkono, kutoka kwenye vipimo vya kina vilivyoletwa na meli ambazo yeye, kwa kuwa ni mwanamke, hakuruhusiwa kuzipanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliona bonde linalopita katikati ya safu ya milima iliyo chini ya bahari. Mwenzake Bruce Heezen aliyapuuza maneno yake kwanza kama mazungumzo ya wasichana. Baadaye vitovu vya matetemeko ya ardhi vilipowekwa kwenye ramani ya kipimo hichohicho, vikajipanga juu ya bonde lile. Hata hivyo, jina la Tharp halikuwemo kwenye makala nyingi kuu zilizofuata. Kila nikifungua orodha ya waandishi wa makala, swali langu la kwanza ni nani hayumo.

Kuna na wale waliofika mapema mno. Lawrence Morley wa Kanada aliandika mwaka 1963 kwamba michirizi ya sumaku kwenye miamba ya chini ya bahari ni kumbukumbu ya sakafu inayotanuka. Majarida mawili yalimkatalia. Mwaka huohuo Fred Vine na Drummond Matthews wakachapisha wazo hilohilo. Leo wengi tunalitaja kwa majina matatu, kwa sababu walikuwepo watu waliotunza habari za makala iliyokataliwa na kuisemea. Kwa hiyo ukimpendekeza mtu wa namna hiyo, weka tarehe na ushahidi mezani.

Ukishampata mtu, ndipo utafute tuzo inayomfaa. Nobel haina zawadi ya jiolojia, lakini kuna Nishani ya Wollaston ya Jumuiya ya Jiolojia ya London, ambayo William Smith alikuwa wa kwanza kuipewa mwaka 1831, miaka kumi na sita baada ya ramani yake kubwa ya mwaka 1815. Kuna Tuzo ya Vetlesen, kuna Tuzo ya Crafoord ambayo huzunguka kati ya fani, na kuna nishani za vyama vya Ulaya na Marekani kwa karibu kila tawi, zikiwemo za vijana wanaoanza. Soma masharti neno kwa neno. Tuzo nyingine ni ya kazi ya maisha mazima, nyingine ni ya ugunduzi mmoja, nyingine ina kikomo cha miaka tangu shahada ya uzamivu. Kwenye kamati yetu, mapendekezo mazuri kabisa yalianguka kwa sababu mhusika hakuingia katika masharti, na hatukuwa na la kufanya.

Sasa barua yenyewe, na hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi.

Pendekezo langu la kwanza lilikuwa la mtafiti wa matope yaliyotulia chini ya ziwa, mtu ninayemheshimu sana. Lilikataliwa. Nilipolisoma tena miezi kadhaa baadaye, nilikuta neno “mkubwa” mara kumi na moja, na hakuna hata sentensi moja inayosema tulikuwa tunaamini nini kabla yake na tunaamini nini baada yake. Nilimsifu, sikumweleza. Msomaji wa kamati anaweza kuwa mtaalamu wa volkano au wa barafu; “mchango usio na kifani katika tabianchi ya kale” haumwambii kitu.

Tangu hapo, kabla ya kuandika barua yoyote, hujizoeza kwa mtu ambaye kazi yake inajulikana. Chukua Clair Patterson. Ningeweza kuandika: “Ni gwiji wa jiokemia aliyeacha alama ya kudumu.” Maneno hayo yanamfaa mtu yeyote. Au ningeandika: “Alipima metali ya risasi ndani ya kimondo cha Canyon Diablo, na mwaka 1956 akatupa umri wa Dunia, miaka bilioni 4.55. Risasi iliyokuwa ikipeperuka hewani iliharibu vipimo vyake, akalazimika kuijenga upya maabara iwe safi kuliko zote, na kutokana na usafi huo akatambua jinsi risasi ya petroli ilivyotuenea.” Sentensi mbili, na mtu wa volkano ameelewa. Mwandikie mtu wako sentensi mbili za namna hiyo, uziweke mwanzo kabisa wa barua. Zikikushinda, zungumza naye tena kuhusu kazi yake, au wasikilize wanafunzi wake.

Idadi ya makala na mara zilizotajwa, mstari mmoja unatosha. Takwimu hizo zinapendelea matawi yenye watu wengi, na mtu aliyetumia miaka kumi kusimamisha vituo vya kupima mitetemo ataonekana mdogo pasipo haki.

Barua za kuunga mkono ziombe miezi mitatu kabla, kwa watu wa taasisi na nchi tofauti, na angalau mmoja awe hajawahi kuandika makala naye. Mpe kila mmoja sehemu yake: huyu aeleze ugunduzi, yule aeleze vifaa au data aliyowapa wengine, mwingine aeleze wanafunzi aliowalea. Usiwatumie barua ya mfano. Tulikuwa tukipokea barua tatu zenye aya moja iliyonakiliwa, na zote tatu zikapoteza uzito. Kama wewe ni ndugu yake, mwajiri wake au mlikuwa na mradi mmoja, litangaze hilo mapema. Tena, baadhi ya tuzo hazitaki mhusika ajue. Angalia kabla hujamwomba wasifu wake.

Ukikataliwa, usifunge faili. Kamati nyingi hupokea pendekezo lilelile mwaka unaofuata, na wajumbe hubadilika. Barua ya yule mtafiti wa matope niliiandika upya yote: nilianza na bomba la matope yaliyochotwa chini ya ziwa, limepasuliwa katikati juu ya meza, na jinsi alivyofundisha wengine kusoma tabaka zake, mstari kwa mstari. Ilifaulu mara ya tatu.