Kuandika makala za kulipwa mtandaoni: anza na daftari la saa

Makala yangu ya kwanza ya kulipwa ilihusu kusafisha zulia. Maneno 500, dola 5. Tovuti ikachukua asilimia 20 yake, nikabaki na dola 4, nami nikafurahi kama niliyeokota johari. Furaha ilikatika nilipohesabu muda: kusoma maelekezo, kutafuta habari za mazulia, kuandika, kisha kurudia mara mbili kwa sababu mteja alisema "haivutii". Saa sita na nusu. Nilikuwa nimefanya kazi kwa senti 60 na ushei kwa saa.

Kwa hiyo kabla hujafungua akaunti popote, tafuta daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye kazi hii mali yenyewe ni saa zako. Kila kazi iandikie muda ulioanza, muda uliomaliza, na kilichoingia mkononi baada ya makato. Muda wa kuomba kazi usizozipata nao uandike, maana mwanzoni ndio mwingi kuliko wote. Bei ya neno moja haikuambii kitu. Makala ya dola 10 unayoimaliza kwa saa moja ni bora kuliko ya dola 30 inayokula siku mbili.

Tovuti zenyewe hazifanani. Upwork, jina ambalo masoko mawili ya kazi yaliyoungana, Elance na oDesk, yalianza kulitumia mwaka 2015, ni soko la kuomba: mteja anatangaza kazi, wewe unapeleka ombi, na kila ombi linakula tiketi zinazoitwa Connects, ambazo zikiisha unanunua nyingine. Fiverr, iliyoanza 2010, imegeuza mambo: wewe ndiye unayetangaza huduma na mteja anakuja kununua. Wao ndio wanaokata ile asilimia 20. Textbroker na iWriter ni kama viwanda: unachukua kazi iliyopo, unaandika, unalipwa kulingana na daraja ulilopewa. Medium hulipa waandishi wake kwa kuangalia jinsi wanachama wanavyozisoma makala zao. Angalia kwanza kama nchi yako inakubaliwa na pesa itakufikiaje. Tovuti ya Textbroker ya Marekani, kwa mfano, huchukua waandishi wa huko tu. Kisha chagua moja. Mimi nilifungua akaunti nne kwa wiki moja na zote zikadumaa.

Lugha? Kazi nyingi kwenye masoko haya ni za Kiingereza. Za Kiswahili zipo, hasa tafsiri na uhariri, kwa hiyo taja lugha zako zote kwenye wasifu.

Sasa sampuli, yaani makala za kumwonyesha mteja unavyoandika. Andika tatu, za maneno 600 hadi 800, zote kwenye fani moja unayoijua kwa mikono yako. Wanaoanza hukimbilia safari, urembo na mapenzi, halafu wanashangaa kwa nini kila tangazo lina waombaji hamsini. Mimi nilikuwa nimetunza stoo miaka minne. Siku niliyoacha mazulia nikaanza kuandika kuhusu kuhesabu bidhaa, lebo za rafu na mizigo inayopitwa na muda, waombaji wenzangu walipungua na bei ikapanda. Ni mada kavu, nakubali. Lakini ukavu wake ndio ulinzi wangu.

Ombi la kazi ndipo wengi wanapoangukia. Mteja anapofungua orodha huona mistari ya mwanzo tu ya kila ombi, na wengi huitumia kujisifu: "Mimi ni mwandishi mahiri, mwenye bidii na ari." Hakuna mteja asiyeiruka hiyo. Ombi lililonipatia kazi ya kwanza nzuri lilianza hivi: "Unataka makala kuhusu kupunguza bidhaa zinazoharibika ghalani. Ningeanza kwa kumuuliza msomaji kama mzigo uliotangulia kuingia ndio unaotangulia kutoka, maana kwenye stoo niliyoisimamia hapo ndipo hasara ilipokuwa." Kisha nikaweka sampuli moja na siku ya kukabidhi. Basi. Ombi la namna hiyo linachukua dakika ishirini, ndiyo sababu naomba kazi tatu kwa siku badala ya thelathini.

Mitego. Usilipe ada ili upewe kazi. Usikubali kuhamia kwenye ujumbe binafsi nje ya tovuti kabla ya mkataba, kwa sababu ukidhulumiwa huko tovuti haikujui. Na usiandike "jaribio" zima bure. Mteja mmoja aliniomba la maneno 1,000, akanyamaza, na baada ya majuma matatu nikalikuta limechapishwa, koma zangu zote zikiwa mahali pake. Siku hizi akitaka jaribio namtumia sampuli, au aya moja.

Kwa kazi ya bei moja, yaani isiyolipwa kwa saa, usianze hadi uone mteja ameweka pesa kwenye amana ya tovuti, inakotunzwa hadi kazi ikubaliwe. Kubaliana pia idadi ya marekebisho. Mimi natoa mawili. Hata kazi ikikubaliwa, pesa huchelewa: Upwork huishikilia siku tano, na Fiverr huwazuilia wauzaji wapya siku 14. Usiipangie matumizi kabla haijafika.

Tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika, itoke Novemba 2022, makala za kujaza nafasi tu zinaandikwa na mashine. Muulize mteja msimamo wake kuhusu kutumia mashine hizo na uuheshimu. Rasimu zako ziandike mahali panapotunza historia ya mabadiliko, kama Google Docs, maana vipimo vya kutambua maandishi ya mashine hukosea, na historia hiyo ndiyo shahidi wako.

Baada ya kazi kumi hivi, fungua daftari, ona ni ipi iliyolipa vizuri kwa saa, na upandishe bei za zilizobaki. Yule mteja wa mazulia alirudi baada ya miezi minane, akitaka makala kumi kwa dola 5 zilezile. Nilimtumia bei yangu mpya. Hajajibu hadi leo.