Somo: Kutega kamba wekundu Bunyonyi kabla vyura hawajataga

Kamba wekundu wa maji matamu, ambao wataalamu huwaita Procambarus clarkii, si wa kwetu. Asili yao ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Kwa majirani zetu Kenya waliingizwa ziwa Naivasha mwaka 1970, na baadaye mayungiyungi na majani yaotayo chini ya maji yakafyekwa kwa kiasi kikubwa. Kwetu, ziwa Bunyonyi kusini magharibi mwa Uganda, wamekaa muda mrefu kiasi kwamba vijana wengi wanadhani ni wa hapa. Wanakula karibu chochote: majani, konokono, mayai ya samaki, mayai ya chura, viluwiluwi.

Niseme mapema: hatuwamalizi. Ziwa ni pana, visiwa ni vingi, mafunjo yamesongamana kila upande. Tunachoweza ni kuwapunguza kwenye vidimbwi na vihori vichache ambako vyura hutaga, na kuwapunguza kwa wakati wake. Anayetaka kutega mwaka mzima ziwa zima atachoka, na kamba watabaki.

Hatua ya 1: Ruhusa. Muone afisa uvuvi wa wilaya (Kabale au Rubanda, kutegemea upande uliopo) na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Mweleze na mwenye shamba linalopakana na kinamasi, maana ukionekana usiku na tochi kando ya viazi vya mtu utaitwa mwizi.

Hatua ya 2: Majira. Huku Kigezi, yaani eneo letu hili la ziwa, tuna mvua mara mbili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Kiangazi kikikaza, kamba huchimba mashimo kwenye matope ya ukingo na kutulia humo. Utayajua mashimo hayo kwa kichuguu kidogo cha udongo mbichi mdomoni. Mvua za kwanza zikinyesha hutoka, na usiku wenye unyevu huweza hata kutembea nchi kavu kutoka dimbwi moja hadi jingine. Vyura nao wanasubiri mvua hiyohiyo. Basi anza kutega wiki mbili tatu kabla ya mvua, yaani katikati ya Februari na katikati ya Agosti, na usiache mpaka viluwiluwi waote miguu. Juni na Julai baridi ya huku huwafanya kamba wazito na hawafuati sana chambo. Miezi hiyo tengeneza migono, yaani mitego ya kusukwa yenye mdomo wa faneli.

Hatua ya 3: Mgono. Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mgono wa kawaida wa mianzi unafaa, ila uwe na mambo matatu. Kwanza, mdomo wa faneli usizidi sentimita 5 au 6. Kamba mkubwa anapita hapo, fisi maji hapiti. Pili, matundu yawe madogo, yasizidi upana wa kidole cha mwisho. Mianzi ikiachana, funga wavu wa mbu uliochakaa kwa ndani. Tatu, na hili halina mjadala: sehemu ya juu ya mgono lazima ibaki nje ya maji usiku kucha. Chura wa majini mwenye kucha anaishi ndani ya maji lakini anavuta hewa kwa mapafu. Akiingia kwenye mgono uliozama wote, asubuhi unamtoa amevimba, amekufa. Umekuja kumwokoa chura, ukamzamisha mwenyewe.

Njia rahisi ni kufunga chupa mbili tupu za plastiki zenye vifuniko kwenye ncha ya nyuma ya mgono. Ncha ya nyuma itaelea, mdomo utalala chini kwenye matope. Funga mgono kwa uzi wa nailoni kwenye mti au kigingi, na uache uzi mrefu kidogo, kwa sababu mvua kubwa ya usiku mmoja inaweza kupandisha maji ya kidimbwi na kufunika kila kitu.

Hatua ya 4: Chambo na kutega. Utumbo wa samaki ndio bora. Mukene (dagaa) waliooza wanafaa, utumbo wa kuku pia. Uweke ndani ya kipande cha wavu, la sivyo wataumaliza upesi na kuacha kuvutia wengine. Tega jioni kabla ya giza, pembezoni, maji yanapofika magotini, karibu na mafunjo. Tegua alfajiri. Mgono usiotembelewa siku mbili ni kaburi. Kama huwezi kurudi kesho yake, usitege.

Hatua ya 5: Kuchambua. Mwaga kwenye beseni lenye maji kidogo. Mshike kamba kwa nyuma ya magando, kidole gumba na cha shahada, naye hatakufikia. Mgeuze. Jike mwenye mayai utamwona: chini ya mkia amebeba kichala cheusi kama zabibu ndogo, mamia ya mayai yameng'ang'ania viguu vya kuogelea. Ukimtikisa anakunja mkia kuyafunika. Jike mmoja wa namna hiyo akiondolewa mwanzo wa mvua ana faida kuliko madume kadhaa yaliyoondolewa baadaye.

Kaa wa mtoni, huyu mviringo anayetembea kimshazari, ni mwenyeji. Arudi majini hapohapo. Vivyo hivyo vyura, samaki na mabuu ya kerengende.

Hatua ya 6: Kuua papo hapo. Hakuna kamba anayeondoka ukingoni akiwa hai. Ukiwa na barafu, wapoze kwanza mpaka walegee, kisha uwatie kwenye maji yanayochemka, mengi, wachache wachache ili maji yasipoe. Wanaoliwa wapelekwe wakiwa wamekwisha chemshwa. Wadogo hukaushwa na kusagwa, wakachanganywa kwenye chakula cha kuku.

Hatua ya 7: Daftari na vifaa. Andika tarehe, mahali, idadi ya migono, idadi ya kamba, madume na majike. Gawanya kamba kwa migono upate wastani wa mgono mmoja kwa usiku. Wastani huo ndio utakaokwambia kama kazi inaenda, si uzito wa gunia. Kisha sugua matope yote kwenye gambuti, migono na mtumbwi, anika juani hadi vikauke kabisa kabla ya kwenda dimbwi jingine. Magonjwa ya ngozi ya vyura husafiri kwenye matope mabichi.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kisoro: Habari ssebo. Mimi nina bwawa la samaki nyumbani. Naweza kupata wachache nikawafuga, maana hoteli zinawanunua?*

Hapana, ndugu yangu, na naomba usimsikilize atakayekuletea kwenye jerikeni. Watatoboa kingo za bwawa lako kwa mashimo na maji yatavuja, kisha usiku wa mvua watatoka waende mtoni. Kuhamisha viumbe wa majini hai pia kunahitaji kibali cha Kurugenzi ya Rasilimali za Uvuvi. Mimi binafsi naogopa soko hili kuliko kamba wenyewe. Mtu akishaona pesa, haombi wapungue.

*Mwendesha mtumbwi, Bunyonyi: Wapishi wanataka wakubwa tu. Wadogo tuwarudishe wakue?*

Usirudishe hata mmoja, kaka. Halafu jua kwamba kamba wakubwa hula wadogo wao. Ukiondoa wakubwa peke yao, umewafungulia wadogo njia. Ndiyo maana nasisitiza matundu madogo, na mchana upite na wavu wa mkono chini ya majani ukusanye wale wa ukubwa wa nusu kidole.

*Mwalimu, Mbarara: Wanafunzi wangu wameuliza kama chura naye anaweza kuwa mvamizi. Nikakosa mfano.*

Mfano unaimba nje ya dirisha lako, mwalimu. Yule chura mkubwa wa mabaka ambaye wataalamu humwita Sclerophrys gutturalis ni mwenyeji hapa Uganda. Mwaka 1922 alipelekwa kisiwa cha Morisi (Mauritius) ili ale wadudu wa miwa. Cape Town, Afrika Kusini, nako aliibuka kwenye bustani za mtaa wa Constantia, mbali na makazi yake ya asili, na huko kuna chura wao adimu, chura chui wa magharibi, anayehofiwa kusongwa. Kwa miaka kadhaa wenzetu wa huko walipita usiku na tochi kwenye vidimbwi vya nyumba za watu wakimwondoa yeye, mayai yake na viluwiluwi wake. Lakini waambie wanafunzi wasianze kuua vyura Mbarara. Hapa yuko kwao.

*Kutoka Rubanda: Fisi maji wanararua migono yetu. Tufanyeje?*

Nyabo, wanafuata kamba, ni chakula chao kikubwa ziwani hapa, kwa hiyo wanakusaidia kazi bila kulipwa. Zungushia mgono mianzi minene na uuhamishe mbali na mahali unapoona kinyesi chao chenye vipande vya magamba mekundu. Mtego wa waya usiweke.

*Kutoka Katuna: Kwa nini tusumbuke na migono? Kuna dawa ya kuogeshea ng'ombe inayoua kamba mara moja.*

Inaua, ndiyo. Inaua na samaki, kerengende, kaa, na viluwiluwi wale wale tunaowalinda, na maji hayo ndiyo watu wa bondeni wanayochota. Atakayeonekana na chupa hiyo ukingoni tutampeleka kwa mwenyekiti. Kama shida ni mikono michache, niandikie uko upande gani; kuna migono ya ziada tuliyosuka Julai, na ya kwenu itafika kabla ya katikati ya Agosti.