Kuweka motere ya 1.8 ndani ya Mazda MX-5 ya 1.6: kazi ya garaji na karatasi zake Lubumbashi

Mazda MX-5 ya kwanza, ile ya taa za kufunuka iliyouzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster, ilitoka mwaka 1989 na motere B6 ya sentimita za ujazo 1,597. Mwaka 1993 kiwanda chenyewe kikaiwekea BP ya 1,839, mwili ukabaki uleule. Ndiyo maana badiliko hili linafaa kuliko kulazimisha V6 ya Harrier: hukati shasi, huchomelei kitu, na afisa wa ukaguzi ataona gari ambalo kiwanda kilishalitengeneza hivyo. Usitarajie miujiza. Kwa vipimo vya Japani unatoka farasi 120 kwenda 130, na nguvu ya kuvuta kutoka Nm 137 kwenda 157. Lubumbashi iko kwenye mita kama 1,200, na motere isiyo na turbo hupoteza hapa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya utakachoongeza ni kurudisha kile ambacho mwinuko ulishakula. Utamu wenyewe uko chini: gari linavuta vizuri gia ya tatu bila kulia.

Anza na karatasi, si na spana. Soma karti rozi yako, yaani kadi ya usajili wa gari. Namba ya shasi haiguswi kamwe, lakini chochote kilichoandikwa humo kuhusu motere, iwe namba au nguvu ya fiskali (kipimo cha nguvu kinachotumika kukadiria kodi), kitapaswa kubadilishwa. Pita kwanza Divizyo ya Transpo (ofisi ya uchukuzi) na DGI (mamlaka ya kodi), uliza faili lao linadai nini, kisha ndipo ununue. Kwa motere iliyopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, dai karatasi za DGDA (forodha) zinazoonyesha ushuru umelipwa. Kwa iliyotoka kwenye gari lililogonga hapa mjini, dai hati ya mauzo iliyothibitishwa na kopi ya karti rozi ya gari hilo. Namba iliyo kwenye karatasi lazima ilingane na iliyopigwa kwenye bloki, upande wa nyuma karibu na pale bwati (gia boksi) inapofungwa. Ifute grisi, ipige picha kabla ya kulipa. Ikiwa imesagwa au imepigwa upya, ondoka hata kama bei ni ya kutupa: motere ya aina hiyo hutaiandikisha kwa halali popote.

Sasa afya yake. Kompresyo (mgandamizo ndani ya silinda) ya BP nzima ni bari 12.5 hivi, na kitabu cha kiwanda hakikubali chini ya bari 9 wala tofauti ya zaidi ya bari 2 kati ya silinda na silinda. Vipimo hivyo havikuandikwa kwa ajili ya mwinuko wetu. Hapa motere nzuri itasoma bari 11 tu, na muuzaji asikutishe wala asijitetee kwa hilo. Kinachosema ukweli zaidi ni ule ulinganifu wa silinda nne. Pima motere ikiwa ya moto, buji (plagi) zote zimetolewa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini, betri imejaa. Fungua pia kifuniko cha mafuta: matope meusi yaliyoganda yanaonyesha kwamba hakuna aliyekuwa akibadilisha oili.

BP ilifungwa pia kwenye Mazda 323 na Familia zinazovuta kwa mbele, na hizo ni rahisi kupata. Zinafaa, ila zimekaa kwa ubavu. Itabidi uhamishe karteri (bakuli la oili) na mrija wake wa kunyonya oili, manifoldi ya kuingiza hewa, vikono vya kushikia motere, na njia ya maji, kwa sababu kwenye MX-5 maji hutokea mbele ya kulasi (kichwa cha motere). Ukihesabu piesi hizo zote, mara nyingi motere ya MX-5 yenyewe, ikiwa na nyaya zake, kompyuta, kipima hewa, manifoldi ya ekzosi na bomba lake la kwanza, inatoka nafuu.

Motere ikiwa bado chini sakafuni, badilisha kila kitu ambacho baadaye kitakulazimisha kuishusha tena: sili ya nyuma ya vilbreke (krankshafti), sili ya mbele, sili mbili za kamshafti, gasketi ya kifuniko cha valvu, pompi ya maji, mkanda wa taimingi (kuruwa ya distribisyo) na roli zake mbili, na duriti (mipira ya maji) za hita zinazopita nyuma, ambazo mkono hauzifikii tena gari likishafungwa. Usisahau pete ya mpira ya sensa iliyo nyuma ya kulasi. Ni kitu cha bei ndogo sana, na ndiyo inayodondosha oili kwenye bwati hadi watu wakashuku sili kubwa. Wakati wa kufunga mkanda, alama I na E za puli za juu zikae juu, na kati yake uhesabu meno 19. Zungusha vilbreke mara mbili kwa mkono, uhesabu tena. Bolti ya puli ya chini hukazwa kwa Nm 157 hadi 166. Hii usikisie: MX-5 za 1989 hadi 1991 zenye B6 zilijulikana kwa pua fupi ya vilbreke, na bolti ikilegea kabari hula pua hiyo. BP haina pua fupi, lakini bolti isiyokazwa itaiharibu vilevile.

Kutoa motere ya zamani: betri iko nyuma kwenye buti, ikate kwanza. Mwaga maji na oili, toa boneti, radiatere na feni. Pompi ya usukani na kompresa ya hewa baridi zifungue bila kukata mipira yake, zifunge pembeni kwa waya. Silinda ndogo ya klachi nayo ining'inize hivyo hivyo, na mtu yeyote asikanyage pedali. Ni rahisi zaidi kutoa motere na bwati pamoja. Weka alama ya rangi kwenye flanji ya shafti kabla ya kufungua bolti zake nne kwenye difu, toa kiwiko cha gia kutoka ndani, shikilia bwati kwa jeki, ndipo ufungue ule uti wa chuma unaounganisha bwati na difu. Palani (winchi ya mnyororo) ya tani 1 inatosha, ila mti wa mwembe si mahali pa kuifungia. Wakati wa kurudisha uti huo, pima kimo cha bwati sawasawa. Ukikaa upande, gari litatetemeka ukianza kukimbia na utalaumu magurudumu bure.

Klachi ya 1.6 ina milimita 200, ya 1.8 ina 215. Chukua seti nzima ya 1.8 pamoja na volani yake ya motere, ile sahani nzito ya nyuma. Bwati ya 1.6 inaipokea bila shida. Bolti za volani zikazwe kwa msalaba, Nm 96 hadi 103, zikiwa na gundi ya nyuzi, kwa kuwa matundu yake yanatokeza ndani kwenye oili. Ukiziacha kavu, oili itapanda kwenye klachi mpya. Kifuniko cha klachi ni Nm 18 hadi 26.

Upande wa umeme sheria ni moja: usichanganye. Ama kompyuta, kipima hewa, injekta na sensa zote za 1.8, ama zote za 1.6 ziendelee kutumika juu ya bloki mpya. Injekta za moja na kompyuta ya nyingine ndizo zinazoleta moshi mweusi, buji kujaa masizi, au pistoni kuchomeka kwa mafuta machache.

Jaza oili lita 3.8 na maji ya radiatere lita 6 yenye dawa yake, si ya bomba peke yake. Inua pua ya gari, washa hita kwenye moto kabisa, acha motere iungurume kifuniko kikiwa wazi hadi mapovu yaishe. Hewa iliyobaki ndani ndiyo inayopindisha kulasi Oktoba kwenye foleni. Kwa taimingi, unganisha TEN na GND kwa waya ndani ya kisanduku cha uchunguzi, weka digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, motere ikizunguka mara 850 kwa dakika.

Difu ya 1.6 ni ya inchi 6, na ndiyo nyama laini ya gari hili. Ukipata ya inchi 7, chukua pamoja na shafti zake mbili za pembeni na shafti ya kati. Ikiwa umetoka kwenye meno 4.30 kwenda 4.10, kipima mwendo kitaonyesha 57 huku ukikimbia 60, na roulage (polisi wa barabarani) haisomi dashibodi yako. Badilisha gia ndogo ya kipima mwendo kwenye bwati. Breki pia zifuate: diski za mbele za 1.6 ni milimita 235, za 1.8 ni 255, na kinachobadilika ni diski na mabano yanayoshikilia kalipa.

Garaji ikuandikie faktura yenye muhuri, namba ya motere iliyotoka na ya iliyoingia. Ukiwa nayo pamoja na karatasi za ununuzi, peleka gari kwenye kontroli teknike (ukaguzi wa gari), kisha DGI kwa karti rozi mpya. Mjulishe mwenye asiransi kwa maandishi kabla ya kutembeza gari, maana ajali ikitokea na motere isiyo kwenye polisi ya bima, ana sababu ya kukataa kulipa. Vinyeti (kodi ya gari) ya mwaka unaofuata hukadiriwa kwa nguvu ya fiskali, basi nenda DRHKAT (ofisi ya mapato ya jimbo la Haut-Katanga) na karti rozi mpya mkononi. Hati ya motere ya zamani usiitupe: ukiiuza, mnunuzi ataidai kama ulivyoidai wewe.